Wageni wa Praygod

Jumanne ya wiki ya pili ya Machi, saa saba kasorobo mchana, Aikande alimkalisha mwanawe Praygod kwenye kiti cha plastiki, akamfunga kitambaa shingoni na kuanza kumlisha mtori. Praygod alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Mtori ulikuwa wa kawaida: ndizi mshare, mbavu kidogo kutoka buchani, kitunguu na chumvi. Mtoto alipomeza kijiko cha tatu, ng'ombe aliingia sebuleni.

Alikuwa ng'ombe mwekundu wa makamo, pembe yake moja imepinda kuelekea sikioni. Hakuwa wa pale. Alipita kati ya kochi na kabati la vyombo bila kuangusha kitu, akasimama mbele ya bakuli na kulitazama. Aikande alikunja zulia. Praygod alichota mtori kwa kiganja, akamnyooshea mgeni, naye akalamba. Wakaendelea hivyo, mmoja akigawa na mwingine akilamba, mpaka bakuli likaisha. Kisha ng'ombe akatoka kwa mlango uleule, akashika njia ya kuteremkia barabara ya lami.

"Amekula?" aliuliza Sifael, baba wa mtoto, aliporudi jioni.

"Ng'ombe amekula," alisema Aikande.

Kesho yake yai lilimleta kuku. Maziwa yalimleta ng'ombe wao wenyewe, ambaye alikata kamba bandani akaingia na ndama wake. Dagaa ndio walioleta tatizo la nafasi, kwa sababu walikuja wote. Aikande alifagia sebule mpaka saa kumi. Asali hawakuijaribu.

Shida haikuwa wageni. Nyumba za Machame zimezoea wageni, na wa Desemba huwa na makelele kuliko ng'ombe. Shida ilikuwa kwamba Praygod aliwagawia chakula chote. Kwenye kadi yake ya kliniki mstari wa uzito tayari ulikuwa umelala miezi mitatu mfululizo, na muuguzi alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba arudishwe baada ya wiki sita. Aikande alitaka jambo moja tu: chakula kiingie kwenye mdomo wa mtoto na kibaki humo.

Sifael alikuwa mwongoza watalii mlimani, na jambo la chakula aliliona kuwa la taaluma yake. Kila msimu walikuja watu wawili watatu ambao wapishi wa mlimani huwaita vegani: hawagusi nyama, maziwa, mayai wala kitu chochote kilichowahi kuwa na mama. Watu hao walipangiwa chakula cha siku saba kwenye karatasi moja, na wakapanda. Jumamosi jioni Sifael aliketi mezani na rula, akachora mistari, akapanga wiki ya Praygod. Jumatatu kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja. Jumanne magimbi na mboga ya mnafu. Katikati ya wiki aliweka karanga na parachichi, na Jumapili aliandika pilau isiyo na nyama, kwa mkono mzito kama mtu anayesaini hati ya kuuza nyumba.

"Protini iko kwenye maharage," alieleza. "Damu iko kwenye mnafu. Kuna mama mmoja Mholanzi, mwaka juzi, alifika kileleni kwa karanga tupu."

"Akashuka salama?"

"Alishushwa kwa machela. Lakini alifika."

Jumatatu Aikande alipika kiburu. Kila kitu kilitoka nyuma ya nyumba, kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo, hatua arobaini kutoka jikoni. Alifunga mlango wa mbele kwa komeo, akafunga na wa nyuma. Praygod alimeza kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mezani, kwenye kiti kilichokuwa kitupu, alikuwa ameketi Beatrice, dada yake Sifael, nyanya mkononi.

"Shikamoo, dada," alisema Sifael.

"Marahaba. Nani anakula ndizi zangu?"

"Ni Praygod."

"Basi ale vizuri, baba wa watu. Ila mfanye haraka. Kuna mteja nimemwacha kule Bomang'ombe kanyoosha mkono."

Praygod alimnyooshea shangazi yake kiburu. Beatrice alikula.

"Wifi, anatakiwa ale yeye," alisema Aikande.

"Nimkatalie mtoto?" Beatrice alilamba kidole. "Halafu chumvi imepungua."

Bakuli lilipokwisha, kiti kilikuwa kitupu tena. Nyanya ilibaki mezani.

Beatrice alikuwa mkubwa kwa Sifael kwa miaka sita. Ndoa yake ilipovunjika alirudi nyumbani, na baba yao akamkatia kipande cha kihamba chini ya mfereji, akakizungushia masale, majani marefu ambayo mlimani ndiyo mpaka na ndiyo hati. Beatrice alipanda mishare, akapanda maharage, magimbi na mnafu, akavihudumia miaka kumi na mmoja. Baba alipofariki, ukoo ulikumbuka kwamba mtoto wa kike hapewi kihamba. Ilikuwa kumbukumbu ya ghafla, lakini wote waliipata siku moja. Jumamosi iliyofuata Sifael aling'oa masale moja baada ya jingine, akayapanda upya upande wa pili, kwa ustadi, na hakuna hata moja lililokauka. Migomba aliiacha palepale kwa kuwa ilikuwa inazaa. Beatrice alihamia Bomang'ombe, akapanga chumba na kufungua genge la mboga.

Jumanne alikuja na kitana kimesimama kichwani, nusu ya nywele zimesukwa na nusu zimetimka. Alhamisi alikuja na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Kila alipokuja, Praygod alimgawia, naye alikula. Mwisho wa wiki mtoto alikuwa mwepesi kuliko mwanzo, na Beatrice alikuwa amelegeza kanga kiunoni.

Jumamosi, Sifael akichora mistari ya wiki ya pili, Aikande alikaa mbele yake.

"Wali wa jana, ule wa mchele wa sokoni, haukuleta mtu."

"Mchele tumenunua."

"Basi na ndizi tununue Moshi."

Sifael aliweka rula chini. "Ninunue ndizi? Mimi, Machame, nionekane nashusha mkungu kwenye gari kama mtu wa Dodoma? Nikiulizwa nitasema nini?"

"Sema mtoto hanenepi."

"Watasema kihamba kimenishinda."

"Au tumrudishie wifi kipande chake."

Sifael alichukua rula, akapima pambizo la karatasi, ambalo lilikuwa limekwisha pimwa. "Mtoto ale kwanza," alisema. "Hayo mengine ni ya ukoo."

"Mbona wewe ukila haji?"

"Sijui."

"Mimi nadhani wanakuja kwa mtu atakayewagawia," alisema Aikande, akainuka kwenda kuloweka maharage.

Ukoo ulikutana Jumapili baada ya ibada ya pili, sebuleni kwa Sifael, chini ya uenyekiti wa baba mkubwa Ebenezeri. Wazee saba walikunywa chai ya rangi, kwa kuwa mtoto akionja maziwa ng'ombe angeingia na kikao kingekosa utulivu. Ajenda ilikuwa moja: lishe ya mtoto Praygod. Beatrice hakualikwa, maana lilikuwa suala la kaya.

Mzee Ebenezeri aliwaomba wajumbe watoe mawazo kwa upendo. Mmoja alishauri mtoto alishwe akiwa amefumba macho. Mwingine alishauri kiti cha nne cha mezani kitolewe ndani, mgeni akija akose pa kukaa. Praygod alianza kulia. Aikande alitoka jikoni na ndizi mbivu, kubwa kuliko zote katika chane, akammenyea. Mtoto aliuma, akanyamaza, na Beatrice akawa ameketi kwenye mkono wa kochi, kati ya wazee wawili, amevaa gauni la kanisani.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mzee Ebenezeri. "Karibu. Tunazungumza lishe."

"Lishe ya wapi? Ya kwenye shamba langu?"

"Suala la shamba lina kikao chake."

"Lini?"

"Kitapangwa."

"Baba mkubwa, miaka mitatu kinapangwa. Hata harusi ya mjini haipangwi hivyo." Mzee mmoja alicheka, kisha akakohoa ili ionekane alikuwa anakohoa tangu mwanzo. Beatrice alimtazama mtoto, akaona ndizi imefika nusu, akaongeza kasi. "Basi nisikilizeni. Siku naonyeshwa kile kipande ninyi mlikuwepo. Wewe baba mkubwa ndiye uliyeshika kamba. Baba akasema mbele yenu, Beatrice, kuanzia hapa kwenye mfereji mpaka pale kwenye mti wa—"

Ndizi iliisha. Mkono wa kochi ulikuwa mtupu.

Aikande alikuwa tayari anamenya ya pili. Sifael aliichukua mkononi mwake, taratibu, bila ugomvi, akaiweka juu ya kabati la vyombo pamoja na chane iliyobaki.

"Mwache ashushe ile kwanza," alisema.

Mzee Ebenezeri alisubiri dakika nzima kwa heshima. Kwa kuwa mjumbe aliyekuwa anazungumza hakuwa na la kuongeza, kikao kiliendelea. Iliamuliwa kwamba Beatrice, kama ndugu wa damu, awekewe sahani yake mwenyewe, ili asiwe anakula ya mtoto. Iliamuliwa pia kwamba mlo mkuu wa Praygod usogezwe hadi saa moja jioni, Beatrice akiwa amekwisha funga genge, biashara yake isivurugwe. Sifael alipendekeza na mchana mtoto apewe wali wa mchele wa kununua, ambao haumsumbui mtu. Muhtasari ulisomwa, ukapitishwa, na Mzee Ebenezeri akafunga kwa sala, akimshukuru Mungu kwa ukoo usiomtupa mtu wake.

Aikande aliongeza sahani moja. Mpango ulifanya kazi tangu siku ya kwanza. Saa moja jioni Praygod alimeza vijiko vitatu, Beatrice akawa mezani, amenawa na kubadili nguo. Mtoto alinyoosha mkono kumgawia, akaona shangazi ana chake, akaurudisha mdomoni kwake mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza Aikande kumwona akitafuna mfululizo. Alimtazama mpaka mboga yake ikapoa.

Wiki zikaenda. Sifael alichora ratiba kila Jumamosi, na kila wiki ikawa nzuri kuliko iliyopita. Aliongeza mbegu za maboga, alibadilisha karanga na ufuta, aligundua kwamba magimbi yakichomwa mtoto huyapenda zaidi. Wiki ya sita walishuka kliniki. Muuguzi alimpima Praygod mara mbili kwa kutoamini mzani, akachora mstari, na mstari ukapanda. Aliuliza wanampa nini.

"Mboga tu," alisema Sifael. "Za shambani kwetu."

Muuguzi aliwaambia kina mama waliokuwa kwenye foleni wamwangalie baba anayejua mambo ya lishe. Aikande alimvisha mtoto viatu, akachukua muda mrefu kwenye vifungo.

Kanisani nako habari zilifika. Mwinjilisti, katika matangazo, baada ya kwaya na kabla ya mnada wa mavuno, aliitaja nyumba ya Sifael kuwa mfano. Ndugu wangapi, aliuliza, wanamweka dada yao mezani kila jioni ya Mungu? Usharika ulipiga makofi. Sifael aliinamisha kichwa kama mtu asiyependa kusifiwa, akakaa hivyo mpaka makofi yakaisha. Mkungu wa mshare alioutoa siku hiyo ulikuwa mkubwa kuliko yote mnadani.

Kilichobaki kilikuwa kidogo, na Aikande peke yake ndiye aliyeonekana kukijali. Praygod alikuwa amepata hamu ya kula, na meno mapya manne. Alikula haraka. Beatrice alikuwa mtu wa kula na kuzungumza. Alipenda kueleza nani alikuja gengeni, nani alibonyeza nyanya zote akaondoka bila kununua. Mara nyingi hadithi ilikatikia njiani.

"Taratibu, baba," Aikande alimwambia mtoto jioni moja ya Alhamisi. "Tafuna kwanza. Mwache shangazi amalize."

"Mwache ale," alisema Sifael. "Miezi mitatu tulimwomba ale."

Beatrice alitazama dirishani. Nje, mwanga ulikuwa bado unatosha kuona migomba ya chini ya mfereji, na vichipukizi vipya ambavyo Sifael alikuwa amevipunguza asubuhi, akaacha vitatu kila shina, kama inavyotakiwa.

"Umevipunguza vizuri," alisema.

"Asante, dada. Karibu, jisikie nyumbani."

"Ile ya mwisho pale kwenye kona iwekee mbolea. Inapenda mbolea. Mimi nilikuwa nai—"

Praygod alimeza tonge la mwisho na kugonga kijiko mezani. Sahani ya Beatrice ilikuwa imebaki nusu. Aikande alinyoosha mkono kuifunika, akitafuta la kuifunikia, lakini Sifael alikuwa ameshaivuta kwake. Aliimalizia yote, kwa utulivu, kwa sababu kwao chakula hakitupwi.