Injini ya Marehemu Thadeo

Boila ya kiwanda kimoja cha pamba nje ya Bunda ilipopasuka, mwaka 1971 wakati wa msimu, ilimuua mtu mmoja tu, naye ni Thadeo, mume wa Dorotea. Aliunguzwa na mvuke mwili mzima, akakata roho kabla gari halijafika hospitali. Wakaguzi walipokuja, nyapara wake Isidori alisimama mbele yao, kofia mkononi, akasema marehemu alikuwa amelewa, akaacha maji yakauka ndani ya boila.

Uongo huo ulipata pa kushika. Thadeo alikunywa sana ujanani, akaacha siku aliyobatizwa. Baba yake, mzee Keraryo, alikuwa mzee wa kanisa, na aibu ilimuuma kuliko msiba. Akakataa mwanawe azikwe ndani ya boma pamoja na mababu. Wakamzika kando ya njia ya ng'ombe.

Dorotea peke yake ndiye aliyeujua ukweli. Wiki ile ile Thadeo alikuwa amemwambia, "Pamba imejaa hadi getini, Isidori anataka nguvu zaidi. Ananiambiaga nifunge valvu kwa waya mvuke usitoke. Nimemkatalia." Dorotea aliyasema hayo kwa wakaguzi. Walimpa pole, wakapanda gari lao.

Chini ya kitanda alibaki na sanduku. Ndani yake mlikuwa na injini ndogo ya mvuke ambayo Thadeo alikuwa akiiunda jioni, kwa kujifurahisha tu: tangi la jiko bovu la pampu ndiyo boila, pampu ya baiskeli iliyokatwa ndiyo silinda, na bomba jembamba la shaba aliloliokota Buhemba, kwenye vyuma vilivyotupwa. Dorotea ndiye aliyekuwa akimshikia koleo, na Thadeo hakuweza kufanya kazi kimya. Kila kipande alikitaja na kukieleza, mpaka mkewe akayajua yote bila kujua kwamba anafundishwa.

Kwa muda mrefu hakulifungua. Watu walipohamishiwa vijijini, maboma yakavunjwa, yeye akapangiwa kijiji cha ujamaa upande wa Butiama, akalibeba sanduku kichwani. Kisha zikaja habari kwamba maonyesho ya Sabasaba yatafanyika Musoma, kila kijiji kilete kazi za mikono, na mkuu wa kamati ya kuzikagua ni Isidori, ambaye sasa anakaa Makoko na kuitwa Mzee. Siku hiyo Dorotea alilivuta sanduku.

Gurudumu alilitoa kwenye cherehani iliyokufa. Pistoni ilivuja, akaikatia ngozi ya kiatu na kuilowesha mafuta ya ng'ombe. Ikavuja tena, akakata nyingine. Valvu aliitengeneza kama Thadeo alivyoeleza: gololi ya chuma juu ya tundu, ikikandamizwa na springi ya tochi, mvuke ukizidi uinyanyue utoke. Kulehemu alimwachia Silasi, mdogo wa marehemu, fundi baiskeli.

"Shemeji, hii ni ya nini hasa?" Silasi aliuliza.

"Ya kumfurahisha Isidori."

Silasi akamtazama usoni, akarudi kwenye lehemu yake.

Siku ya Sabasaba injini iliwekwa mezani, koroboi mbili zikiwaka chini ya boila. Gurudumu lilipoanza kuzunguka, watu walisukumana waone. Mzee Keraryo, aliyekuja na lori la kijiji, alikuwa mbele kabisa. Isidori akafika na kamati yake, akaketishwa kwenye kiti karibu na meza. Alimtambua Dorotea, ambaye wengi walimwita Mama Gati, akatabasamu kidogo.

"Hongera, Mama Gati. Kazi nzuri."

"Asante, Mzee. Aliianza Thadeo." Dorotea akatoa waya kwenye khanga, akaipitisha juu ya gololi, akaikaza kwa koleo. Kisha akafunga bomba la kwenda kwenye silinda. Gurudumu likasimama. Moto uliendelea kuwaka. Akavuta kigoda chake, akaketi, uso wake usawa na boila.

Tabasamu la Isidori liliondoka. "Fungua hiyo waya."

"Ina ubaya gani?"

"Mama Gati, fungua."

"Kwa wakaguzi ulisema ni pombe. Waya hukuitaja. Basi tulia, tuangalie."

Tangi lilianza kulia kwa ndani, sauti nyembamba kama ya mbu. Jasho lilimtiririka Isidori. Alitaka kuinuka, lakini nyuma yake watu walikuwa wamebanana kama dagaa, na hakuna aliyempisha.

"Itatuua," alisema.

"Kama ilivyomuua nani?"

"Nilikuwa na amri ya kumaliza pamba!" Sauti ilimkatika. "Yeye alikataa. Niliifunga mwenyewe. Sasa izime, nakuomba."

Dorotea hakuharakisha. Alimtazama mpaka alipotosheka, ndipo akazipuliza koroboi, moja, kisha ya pili, akalegeza waya. Mvuke ukapiga mluzi mrefu.

Mzee Keraryo alimfuata nyuma ya vibanda, machozi yakimtoka. "Mama Gati, tumhamishe mwanangu. Tumlaze na mababu zake."

"Boma lilishavunjwa, baba. Mababu wako porini, naye yuko porini. Kwa nini umsumbue leo?" Akamwacha amesimama pale, na neno lake mwenyewe lilimwingia Dorotea moyoni tamu kama asali.

Kwenye lori Silasi alimnong'oneza, "Ungeiacha ipasuke?"

"Kigoda changu kilikuwa karibu kuliko kiti chake," alijibu.

Isidori hakufungwa. Aliondolewa kwenye kamati, basi, na huko Makoko akifika mwaloni, wavuvi wanakoshushia, kununua samaki mazungumzo yalikatika mpaka aondoke. Walimshauri Dorotea amsamehe, amwachie Mungu. Yeye alianza kununua dagaa wake huko huko Makoko, ingawa kwingine walipatikana karibu zaidi. Kila akipita hutua ndoo mlangoni kwa Isidori, akapiga goti vizuri kama mtu aliyelelewa, akasema, "Shikamoo, Mzee Isidori," na haondoki mpaka aitikiwe.