Viganja vya Dagane Siku ya Fainali

Mzee Dagane ni dalali wa mifugo katika soko la Garissa, na ukimkuta pale, sauti imemkauka kwa kubishania ngamia, huwezi kudhani kwamba mtu huyu ni mgonjwa wa tenisi. Tena ugonjwa wenyewe umeshakomaa. Mwezi wa tano ukielekea kwisha na mashindano ya Paris yakianza, wateja wake wote wanajua kwamba baada ya Alasiri wasijisumbue kumpigia simu.

Mashindano mengine huyatazama pia, lakini yale ya London, ya kwenye majani, hayamkolei. Majani ni ya kulishia mbuzi. Moyo wake uko Paris kwa sababu huko watu hucheza juu ya udongo mwekundu, na mchezaji akitoka uwanjani soksi zake utadhani ameshuka sasa hivi kwenye lori la Modogashe. Zaidi ya hayo, mpira ukidunda pale huacha alama. Kukizuka ubishi, mwamuzi hushuka kutoka kwenye kile kiti chake kirefu, akainama, akaitazama alama, akatoa hukumu. Dagane ujana wake wote aliumaliza akifuata nyayo za ngamia waliopotea, na siku ya kwanza alipomwona mwamuzi ameinama vile alicheka kwa raha. Alijiona yuko nyumbani.

Aliyekuwa naye siku hiyo ni Ruweyda, kitinda mimba wake, mwalimu wa shule ya msingi hapo mjini. Ruweyda ndiye aliyemfundisha kuhesabu pointi, akamweleza kwa nini watu hunyamaza mpira unapochezwa. Tangu hapo hawakuwahi kukosa fainali hata moja. Huketi wawili, birika la chai katikati, na mama mtu, Fartun, hupita akiwauliza kama watu hawa wazima bado wanagombania hiki kijiyai chao cha manjano. Wao humiminiana chai. Dagane hajawahi kumwambia Ruweyda kwamba hizo ndizo saa anazozipenda kuliko zote katika mwaka. Mambo kama hayo baba hamwambii binti yake.

Sasa Ruweyda alikuwa amepata mchumba. Kijana anaitwa Hanad, mwalimu pia, mpole, anaswali, hana kasoro ila moja tu: ni wa Mandera, na kazi yake iko huko. Mandera si mtaa wa pili. Wazee wake wakatuma salamu kwamba wanakuja kuposa Jumamosi baada ya Alasiri, yaani Jumamosi ya fainali ya wanawake. Dagane angewaambia nini? Kwamba ana tenisi? Angechekwa mpaka Wajir.

Alimwita ndugu yake Khalif, ambaye ndiye angesema kwa niaba ya familia, akamwagiza awaombe wageni wasubiri mwaka mmoja.

"Mwaka wa nini, walaal?" Khalif aliuliza.

"Binti ana kazi."

"Na huyo kijana si ana kazi pia?"

"Wewe waambie mwaka."

Ruweyda mwenyewe Dagane hakumuuliza. Alijiambia kwamba mwaka ni kitu kidogo, na ndani ya mwaka Mungu hafungi milango.

Jumamosi wageni wakaja, wazee watano wenye ndevu za hina, wakaketi sebuleni kwenye mikeka na mito. Dagane alikuwa amelifungua pazia la chumba cha ndani kwa mkono wake mwenyewe, kidogo tu, akajichagulia mto unaotazamana na mlango. Ndani, Ruweyda alikuwa mbele ya televisheni, sauti ameizima kwa heshima ya wageni. Juu ya bega la msemaji wao, Mzee Aweys, Dagane aliweza kuuona uwanja karibu wote.

Aweys alikuwa mtu wa maneno. Alianza na mvua, akaja kwenye malisho, akaenda kwa mababu wa pande zote mbili, mmoja mmoja, na hakumruka yeyote. Dagane aliitikia kwa kichwa kila ilipobidi. Kule Paris, yule msichana mrefu ambaye yeye na Ruweyda walimwita Twiga alikuwa anaelekea kushinda.

"Basi, Dagane," Aweys alisema mwishowe, "tumekuja kumwomba Ruweyda awe wetu, kwa kijana wetu Hanad. Tunakusikiliza."

Khalif akakohoa ili aanze. Na saa hiyohiyo mpira wa Twiga ukaangukia kwenye mstari, mwamuzi akashuka, akainama, akautazama udongo, akasema umetoka nje. Alama Dagane aliiona kwa macho yake. Ilikuwa ndani! Akafungua viganja vyote viwili mbele ya kifua, kama mtu anayesema, jamani, hata hili?

Aweys aliona viganja vilivyofunguliwa kama vya dua. Uso ukamchanua, naye akainua vyake.

"Al-Fatiha," alisema.

Wazee wote wakainua mikono. Khalif naye akainua, kwani nani ataacha mikono chini Fatiha ikisomwa? Dagane mwenyewe aliisoma, ulimi ulijiendea, na alipofika kwenye Amin ndipo alipofahamu kwamba amemwoza binti yake.

"Walaal," Khalif alimnong'oneza, "si tulisema mwaka?"

Aweys hakuwa mtu mbaya. Aliuona ule mnong'ono. "Kama kuna neno, Dagane, liseme sasa. Bado tumekaa, na hatutakasirika."

Neno lilikuwepo, liko tayari mdomoni. Dagane aliinua macho ili aliseme, na mlangoni akamwona Ruweyda. Alikuwa amesimama kando ya pazia, televisheni mgongoni, amejiziba mdomo kwa ncha ya shela. Macho yake yalikuwa kwa baba yake. Dagane aliona kwamba binti yake anaogopa, na anayemwogopa ni yeye. Iliuma.

"Hakuna neno," alisema. "Nimewapa. Mungu awabariki."

Wageni walipokwisha kunywa chai na kuondoka, aliingia ndani. Kwenye televisheni mechi ilikuwa imekwisha, na watu walikuwa wanaburuza nyavu juu ya udongo kuusawazisha.

"Nani ameshinda?"

"Sijui, Aabo," Ruweyda alisema. "Nilikuwa nakutazama wewe."

Dagane akaketi. Kisha, kwa sababu hakuwa na pa kujificha, akamweleza yote: Twiga, ile alama, viganja, na ule mwaka aliotaka kuuomba. Ruweyda alicheka mpaka akashika mbavu, na alipomaliza kucheka alikuwa anajifuta machozi.

"Na huo mwaka mmoja ungekutosha, Aabo?"

Dagane alikuwa amesema uongo wa kutosha kwa wiki hiyo.

"Usingenitosha," alisema.