Sumaku Iliyoanguka

Mkaguzi mstaafu alikuwa na jambo moja ambalo hakukubali mtu amwambie kitu kulihusu: gari lake halijawahi kuguswa na nyundo. Alilinunua likiwa jipya, akaliendesha mwenyewe, akaliosha mwenyewe, na ufunguo ulilala chini ya mto wake. Yeyote aliyekaa naye kwa muda wa kunywa kikombe cha chai aliisikia habari hiyo, atake asitake.

Ndiyo maana asubuhi ile, alipolipeleka gereji lipakwe rangi upya, alikuwa mkali kwa fundi wa bodi, mtu mpole ambaye wenzake walimwita Taratibu.

"Hakuna kukwangua," alisema. "Unapitisha msasa laini, unapuliza praima, kisha rangi. Bati la gari hili ni lile lile lililotoka kiwandani."

"Sawa, mzee. Lakini praima ni kama shuka. Ukiitandika juu ya godoro lenye mashimo, mashimo yako pale pale. Nikague kwanza."

"Unataka kumfundisha mkaguzi kukagua?"

Mke wa Mkaguzi, aliyeketi kwenye benchi karibu na mlango, mkoba mapajani, aliinama akatafuta sakafuni kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

Taratibu alitoa sumaku iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Akaiweka kwenye boneti, ikanata. Mlangoni, ikanata. Kila iliponata Mkaguzi alitikisa kichwa kukubali, kama mwalimu anayesahihisha mtihani alioutunga mwenyewe. Walipofika kwenye madigadi ya mbele, bati la juu ya gurudumu, upande wa kushoto, sumaku iliteleza ikaanguka chini.

"Umeiachia," Mkaguzi alisema.

"Shika wewe, mzee."

Akaishika. Ikaanguka. Akaifuta kwa shati lake, akajaribu juu kidogo, akajaribu karibu na taa. Ikaanguka tena.

"Hapa ni pati tupu, ule ujiuji wa kuzibia mabonde," Taratibu alisema. "Bati liko mbali huko ndani. Gari liligonga kitu, mzee, likanyooshwa na mtu mwenye haraka zake."

"Gari hili nalijua mimi."

"Basi niruhusu nikwangue. Nikikosea, niite mwongo mbele ya mafundi wote."

Rangi ya maziwa ilibanduka. Pati ikafuata, mapande mapande kama mkate uliokauka. Chini yake kulikuwa na bonde refu lenye kutu, na kwenye mkunjo wa bati, alama ya rangi ya kijani.

Mkaguzi aliinama mpaka pua ikakaribia bati. Kijani ile aliijua. Aliichanganya mwenyewe, akaipaka mwenyewe.

"Nguzo ya geti langu," alisema, kwa sauti ambayo haikuwa yake.

"Ni mimi, baba watoto," mkewe alisema kutoka kwenye benchi.

"Wewe umefanya nini?"

"Niliigonga."

"Uliigonga na nini? Wewe hujui kuendesha gari."

"Najua."

Taratibu alimsogezea debe tupu kwa mguu, naye akaketi.

Mkewe alieleza bila kupandisha sauti. Yeye Mkaguzi alikuwa safarini kikazi. Kitindamimba wao alibanwa na kifua, midomo ikageuka rangi, na hapakuwa na gari jingine mtaani. Ufunguo wa akiba aliujua ulipo, ndani ya kiatu cha harusi cha mumewe. Kuendesha alifundishwa na kaka yake kabla ya kuolewa. Hospitali alifika salama. Nguzo aliigonga wakati wa kurudi, mtoto amelala kiti cha nyuma, ndipo mikono ilipoanza kumtetemeka. Kaka yake akalinyoosha upesi kabla mwenye gari hajarudi.

"Kwa hiyo shemeji anajua."

"Na watoto."

"Watoto wanajua?"

"Na yule jirani wa..."

"Basi," Mkaguzi alisema. "Basi, mama watoto. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeuliza nini kwanza, mtoto au gari?"

Maisha yake yote aliuliza watu maswali, wakababaika mbele yake, na sasa zamu ya kuulizwa ilikuwa yake, na anayeuliza ni mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja. Alilijua jibu. Naye mkewe alilijua, tangu siku ile.

Taratibu alikohoa. "Basi mpango ni huu: pati yote itoke, kutu itoke, bati linyooshwe, praima ya kuzuia kutu, pati nyembamba, msasa, halafu praima tena. Au mzee bado anataka msasa laini?"

"Kwangua," Mkaguzi alisema. "Kwangua gari zima."

Ilibidi gari lirudishwe nyuma hadi chumba cha kazi, kwa kupita katikati ya nguzo mbili za zege. Mkaguzi alitoa ufunguo, akainuka, akarudi kuketi kwenye debe. Aliutazama ule ufunguo, kisha akamnyooshea mkewe bila kumwangalia usoni.

Mkewe aliweka mkoba kando, akavuta kiti mbele, akawasha. Gari likarudi nyuma bila kusita, limenyooka.

"Nguzo," Mkaguzi alisema.

"Nimeiona," mkewe alijibu kupitia dirishani. "Ile nyingine ndiyo sikuiona."