Neno la Shukrani kwa Ndege ya Kesho

Mshereheshaji alipanda jukwaani akasema itifaki imezingatiwa, kisha ndipo akaanza kuizingatia. Alimtaja mgeni rasmi, akamtaja msaidizi wa mgeni rasmi, akawataja wakuu wa idara mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetajwa aliinuka nusu, akafunga kifungo cha koti, akaketi, akakifungua. Waliopiga makofi ni walewale waliokuwa wakisubiri kupigiwa. Nyuma kabisa, karibu na mlango wa chooni, mtafiti mmoja wa gundi alikuwa ameshika karatasi zake mapajani, akitazama muda wake unavyoliwa mchana kweupe.

Kazini walimwita Bi Gundi, na hawakuwa wakimsifu. Wenzake walitafiti injini, betri, mitambo ya kuongozea, vitu vya kusimama navyo mbele ya kamera. Yeye alitafiti kinachoshikanisha bawa na mwili wa ndege, na nani anapiga picha na gundi? Ila kongamano zima hilo la teknolojia ya ndege za baadaye, pamoja na mabango yake, mikoba yake ya bure na kalamu zake zisizoandika, lilikuwa limeitishwa kwa ajili ya ndege moja tu iliyokuwa kwenye karakana ng'ambo ya barabara, na ndege hiyo ilishikanishwa kwa gundi. Waliipa jina Ndege ya Kesho. Ilikuwa na viti viwili, ilitumia umeme, na alasiri hiyo ingeruka kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni rasmi. Wa kuirusha alikuwa mdogo wake Bi Gundi, tumbo moja.

Hapo ndipo usingizi ulipomkimbia. Ndege ilimalizwa mwaka uliopita, ikapata kibali, kisha betri zikachelewa. Badala ya kuifungia ndani, wakubwa waliiacha nje juani na mvuani, wageni wapite waipige picha. Bi Gundi aliweka kando ya bawa lake vipande vya majaribio vilivyounganishwa kwa gundi ileile, vipate jua lilelile na mvua ileile. Wiki iliyotangulia kongamano alivichukua hadi maabara, akavifunga kwenye mashine ya kuvuta. Gundi iliachia kabla mashine haijaanza hata kuhema. Alijaribu kipande kingine, nacho kikaachia.

Alikwenda mbio kwa Profesa, mwenyekiti wa kongamano. Huyu wanafunzi walimpachika jina la Miaka Mitano, kwa sababu tangu baadhi yao hawajazaliwa alikuwa akitangaza kwamba ndani ya miaka mitano tutaruka bila mafuta na bila kelele. Alimkuta akijaribu tai mpya, akijitazama kwenye kioo cha simu.

"Hoja nzito hiyo, binti yangu," Profesa alisema. "Tutaijadili kwenye kongamano."

"Si ya kujadili, Profesa. Ni ya kuizuia ndege isiruke."

"Sasa kongamano ni la nini kama si kujadili? Una dakika kumi zako asubuhi ya siku yenyewe. Zinakutosha."

Asubuhi ya kongamano akamwendea mdogo wake pia. Kijana alikuwa amesota miaka mingi akirusha ndege za kunyunyizia dawa mashambani, akirudi nyumbani ananuka sumu, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu amemwita rubani wa majaribio. Alikuwa amevaa vazi jipya la kazi tangu alfajiri na hakutaka kulivua hata kwa chai.

"Dada, na wewe! Hata ngazi ya nyumbani uligoma kuipanda, ukasema imelegea."

"Kwani haikuanguka?"

"Ilianguka mwaka uliofuata! Profesa kaniambia ndege imekaguliwa."

"Imekaguliwa na nani?"

"Na kamati, dada. Watu wazima wale."

Basi yakabaki matumaini ya zile dakika kumi. Mgeni rasmi alichelewa, akapokewa, akapewa maua, akasoma hotuba ambayo ilikuwa wazi kwamba naye anaiona kwa mara ya kwanza. Profesa akafuata na picha zake ukutani: ndege zilizochorwa kwa kompyuta zikipaa juu ya mji uliochorwa kwa kompyuta, abiria wote wakicheka. Ukafika wakati wa maswali. Mzee mmoja mwenye miwani alishika kipaza sauti akasema hana swali, ana mchango mdogo tu, na mchango wake ukaanzia masomo aliyoyasoma ng'ambo ujanani mwake. Mwingine akaja kuupongeza mchango wa mwenzake. Bi Gundi alitamani kuwatandika wote wawili kwa kile kipaza sauti.

Mshereheshaji akarudi. Kutokana na ufinyu wa muda, alisema, mada ya gundi itawekwa kwenye kabrasha, kila mtu akaisome kwa wakati wake. Halafu akatabasamu kama mtu anayegawa peremende. "Ila jamani, sauti ya kina mama hatujaisikia tangu asubuhi. Tumwombe dada yetu huyu atutolee neno la shukrani. Dakika mbili tu, dada, usituchoshe!"

Wakacheka. Bi Gundi aliinuka, akaziacha karatasi zake kitini. Njia yote kwenda mbele alipiga hesabu za watu aliowajua. Akisema bawa litang'oka, Profesa atachukua kipaza sauti na kuiita changamoto, wenye makoti watapiga makofi, na mdogo wake, aliyeketi safu ya mbele na helmeti yake magotini, atakwenda kuruka ili tu asionekane mwoga. Hatari hawakuwa na masikio nayo wale. Walichokuwa na masikio nacho ni sifa.

Akaamua kuwapa sifa.

"Mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa," alianza, sauti tamu mpaka mwenyewe akajishangaa. "Namshukuru Profesa. Bila yeye ndege hii isingekuwepo. Yeye ndiye baba yake." Makofi. Profesa aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kuazima. "Ndege ina viti viwili, ndugu zangu. Kimoja cha rubani, ambaye ni mdogo wangu. Cha pili kiko wazi. Mimi naona ni aibu kubwa baba wa ndege abaki chini akipunga mkono. Tumwombe Profesa apande yeye, awe abiria wa kwanza!"

Ukumbi ulilipuka. Mgeni rasmi alisimama kabisa, akipiga makofi juu ya kichwa. "Naam!" akasema. "Na mimi nitampokea akitua!"

Tabasamu la Profesa lilibaki mahali pake, ila uso uliobaki ulikwishaondoka. Jasho jembamba lilimshuka hadi kwenye ile tai mpya. Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Nimeguswa sana," alisema. "Sana. Hata hivyo... nimearifiwa hivi punde kuhusu upepo."

Nje ya dirisha bendera za kongamano zilikuwa zimelala kwenye milingoti yake, hazina hili wala lile.

"Usalama kwanza," Profesa aliendelea, akipata nguvu. "Sisi wanasayansi hatukurupuki. Tutarusha kongamano lijalo." Wakampigia makofi kwa hilo pia, na mzee mwenye miwani akaliandika.

Ukumbini chakula kilipotangazwa, mdogo wake alimfuata ukutani. "Umeniharibia, dada! Siku yangu moja! Upepo gani? Upepo uko wapi?"

"Muulize aliyeuona."

Kijana alitazama bendera dirishani, akamtazama Profesa aliyekuwa akijipakulia nyama mbele ya watu wote.

"Asubuhi kwenye ndege alinifunga mkanda kwa mikono yake," alisema polepole. "Tukapiga picha. Akaniambia nisiogope, bawa lile ni chuma."

Bi Gundi alitaka kumkumbatia na kumzaba kibao kwa wakati mmoja.

Profesa alipita na sahani yake, mpiga picha nyuma yake. "Neno zuri sana, binti yangu," alisema. "Mwakani tutakupa tena."

Mdogo wake alimpokea ile sahani, akaiweka mezani, akamtia helmeti mikononi. "Na hii ni yako, Profesa," alisema. "Ya mwakani."

Profesa alibaki ameishika, hajui pa kuiweka. Kisha akaona kamera imeinuliwa. Akaisukumia helmeti kwapani, akanyoosha tai, akatabasamu. Bi Gundi na mdogo wake walikuwa wamekwisha kutoka, wakivuka barabara kuelekea karakana, na kijana akamwomba amwonyeshe wapi hasa gundi inaachia.