Chakula Hakijapoa

"Basi kama si chakula chako, ni nini?" Zakia alikuwa anauliza, sahani mkononi, na nusu ya mtaa tumeshatoka nje kusikiliza. Mwanawe Yassir alikula makande kwa jirani yake Tabita, asubuhi akaamka na homa. Sahani aliyopelekewa Zakia mwenyewe hakuigusa. Aliirudisha na makande yake yamekauka juu.

Tabita akamjibu taratibu kwamba msimu huu Tunduma nzima ina malaria, ampeleke mtoto akapimwe.

"Wewe si wa kunifundisha habari za watoto, Mama Sinia."

Hapo hata sisi wapenda ugomvi tuliangalia chini. Mtaani kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake, na Tabita hakujaliwa. Jina hilo lilitoka kwenye tamthilia.

Zamani, televisheni zilipoanza kuingia hadi vibandani, huyu binti wa wakulima wa kahawa wa Iyula alikwenda Dar es Salaam na kikundi cha maigizo, akapewa nafasi ya mchawi. Mama Sinia alikuwa anasimama mlangoni na sinia la wali, anamwambia mpita njia kwa upole, "Karibu ndani, chakula hakijapoa." Aliyeingia hakutoka. Wiki inayofuata ulimwona analima shamba la mama huyo, msukule, macho meupe. Tulilala na taa.

Umaarufu ulipoisha alirudi huku, akapanga Tunduma, akakuta kauli ile imemtangulia. Ikawa hawezi kumwambia mgeni "karibu ndani" kama watu wengine. Alisema "pita", alisema "kuna chakula humo", na bado watu walimjibu wameshiba, mchana huo wametoka sokoni njaa inawauma.

Kwa hiyo Ishaka mwenye banda la video alipoandaa Siku ya Mama Sinia, aonyeshe zile kanda za zamani na mashabiki waje mpaka kutoka Mlowo na Nakonde ng'ambo ya mpaka, Tabita alikubali kwa sharti moja: apewe kipaza sauti, na chakula apike yeye. Aliniambia akichambua mchele, "Wakila mara moja mbele za wenzao, yataisha. Hata mtaani watakula."

Jumamosi banda lilifurika, waliokosa nafasi wakaning'inia madirishani. Wasichana walijipaka unga usoni, wakajifunga kaniki, masinia kichwani. Wazambia walimwita bamayo, yaani mama, wakagombea kumshika mkono. Jamani, palinoga. Kila Mama Sinia alipofungua mdomo kwenye kioo, banda zima lilisema pamoja naye.

Kisha akapanda jukwaani.

"Mimi ni Tabita, mtoto wa mzee Osea wa Iyula. Sijawahi kumroga mtu. Yale yalikuwa maigizo. Wali ule pale, nimeupika mwenyewe, tule wote."

Makofi hayo! Walidhani ndiyo ameanza kuigiza. Wakaanza kudai ile kauli yenyewe, wakipiga miguu chini, naye akabaki anawaonyesha wali kwa mkono mpaka Ishaka akamwondolea kipaza sauti kwa utani.

Foleni ya wali ilikuwepo, ila ya picha. Mtu anachota tonge, analisogeza mdomoni, anatoa macho ya msukule, simu inapiga picha, tonge linarudi kwenye sinia. Mmoja baada ya mwingine, wakicheka. Zakia naye alipiga, na Yassir mgongoni, mzima kabisa baada ya dawa zake za malaria.

Jioni Tabita alirudi na wali wote, umefinywafinywa na vidole vya watu. Aliutupa. Akawasha jiko upya, akapika mwingine, na sisi tumekaa vibarazani tukisikia harufu ya nazi. Zakia akavuka njia na simu yake kumwonyesha picha, uso umemchangamka kama hawajawahi kugombana.

"Dada, leo umetupatia raha. Ila ile kauli umetunyima."

Tabita aliitazama picha ile, tonge limesimama mbele ya midomo iliyofungwa. Akaingia, akatoka na sinia linatoa moshi, akasogea pembeni mlango ubaki wazi. Sauti aliyotumia haikuwa ya kwenye kanda. Ilikuwa yake, ya Iyula, ya kila siku.

"Karibu ndani, Mama Yassir. Chakula hakijapoa."