Kashata ya Tadea

Huku kwetu milimani, juu kidogo ya Maguu, asubuhi ya Noeli watoto wakitoka kanisani hawarudi makwao. Wanakwenda kundi zima, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba inawapa kitu. Zamani kilikuwa kiazi cha kuchemsha, ndizi mbivu, kikombe cha togwa. Sukari ilikuwa ya foleni na ya kujuana na wakubwa. Baadaye mambo yakawa ruksa, sukari ikajaa madukani, na kina mama wakaanza kupika kashata za karanga. Hapo ndipo Noeli ikawa hatari kwa binti yangu Tadea.

Mwili wake ulikataa karanga. Mama yake, Bonifasia, aliligundua hilo mtoto akiwa bado ananyonya, siku tuliyomwonjesha mboga iliyoungwa karanga. Midomo ilivimba, macho yakafumba, kifua kikawa kinapiga filimbi. Akapona kwa bahati. Daktari wa zahanati akasema tusimpe tena maisha yake yote. Tukahamia chumba cha pili, cha kliniki, nesi akamgombeza Bonifasia mbele ya wenzake: kwa nini mtoto hawekewi karanga kwenye uji? Akamwonyesha na picha ukutani. Wote wawili wamesoma, wote wanalipwa na serikali, ukuta mmoja katikati, na hawajaambiana.

Majirani nao wakawa upande wa nesi. Karanga ni chakula cha watoto, nani amewahi kufa kwa karanga? Bonifasia alikuwa Mnyasa wa Mbaha, kule chini ziwani, na akili yake ilikuwa nyepesi kuliko yangu. Alipoona ugonjwa hauaminiki, akasema ni mwiko.

“Ukoo wetu hatuli karanga,” akawaambia.

“Mwiko wa upande wa mama unamfuataje mtoto wa Kimatengo?” akauliza Mama Notburga, jirani yetu wa karibu na kanisa.

“Unafuata wasichana tu.”

“Kumbe Isidori ulioa na masharti,” Mama Notburga akanitania. “Ungetuuliza tukutafutie wa hapa hapa, anayekula kila kitu.”

Walicheka, lakini walishika. Hakuna aliyetaka kuwa yeye aliyevunja mwiko wa watu. Tangu mwaka ule kila nyumba ikawa inamwekea Tadea cha kwake pembeni, kwenye sahani isiyoguswa na kashata. Ndizi, kipande cha muwa, mahindi ya kuchemsha. Mama Notburga ndiye aliyekuwa akikumbuka kuliko wote. Hata Saida wa dukani, mke wa Ilyasi, ambao ni Waislamu na huwapa watoto peremende siku yetu kama sisi tunavyokula pilau siku yao, alikuwa akimfichia Tadea biskuti.

“Mimi nguruwe, yeye karanga,” alikuwa akisema. “Tunaelewana sisi wawili.”

Bonifasia alifariki kwa homa. Nilimfikisha hospitali, wakasema siku hizi watu wanachangia, nitangulize hela. Kahawa yangu ilikuwa imechukuliwa na ushirika tangu msimu uliopita na malipo hayajaja. Alilala kwenye benchi huku mimi nikihangaika kuuza mbuzi. Niliporudi nilimkuta amefunikwa. Hilo sitalisema zaidi, maana wanaohusika wanajijua, na wanalala vizuri.

Tadea alipofika miaka minane akaanza mafundisho ya Komunyo. Katekista wetu, Placidi, alikuwa ametoka semina mpya, amerudi na moto. Alitaka kijiji kitupe miko yote. Akaja kwangu siku chache kabla ya Noeli.

“Baba Tadea, huyu mtoto hawezi kumpokea Yesu huku amefungwa na mizimu ya ziwani.”

“Si mizimu, katekista. Ni ugonjwa. Daktari alisema.”

“Lakini marehemu aliwaambia watu wote ni mwiko.”

“Alisema hivyo ili wamsikilize.”

“Kwa hiyo marehemu alikuwa mwongo? Mkeo, Mkristo, mwanachama wa WAWATA, umoja wa kina mama wa kanisa, aliwadanganya majirani miaka yote hiyo?” Akanitazama. “Nani mwongo, yeye au wewe?”

Ningesemaje juu ya mtu aliye kaburini? Nikamwambia tu asimguse mtoto wangu. Akaniambia ataniombea na mimi.

Asubuhi ya Noeli padre hakuja, kigango chetu kilikuwa kinampata kwa nadra, kwa hiyo ibada aliongoza Placidi. Mwishoni akamwita Tadea mbele. Nilikuwa nimekaa nyuma na wanaume. Akamwekea mkono kichwani, akamwuliza kama anamkataa shetani na mambo yake yote, mtoto akasema anamkataa, kama alivyofundishwa. “Basi leo mwiko umevunjika. Kuanzia sasa utakula na wenzako.”

Nikasimama. “Ni ugonjwa,” nikasema. “Jamani, msimpe. Ni ugonjwa.”

“Mzee kaa chini,” wakasema walio karibu nami. Vigelegele vikanimeza. Nikaona kina mama wanafuta machozi ya furaha.

Watoto wakatoka mbio, ndivyo ilivyo kila mwaka. Mimi nikawa nasukumana mlangoni. Mwenyekiti wa kijiji akanishika mkono, ananipongeza, ananiuliza habari za mibuni yangu, mkono hauachi. Nilipomsukuma akasema kwa sauti kwamba Isidori hana shukrani.

Nyumba ya kwanza ni ya Mama Notburga. Yaliyotokea alinieleza yeye mwenyewe, naye hajawahi kuyabadilisha. Watoto walipanga mstari, Tadea akakaa pembeni kama kawaida yake akisubiri sahani yake. Mama Notburga akamwita mbele ya wote, akampa kashata kubwa kuliko ya yeyote.

“Nimeruhusiwa?” Tadea akauliza.

“Umeruhusiwa, mwanangu. Kula.”

Akaila yote. Alikuwa ameitamani miaka yote ile akiona wenzake wanalamba vidole.

Nilimkuta chini, ameshika shingo. Nilimbeba hadi zahanati, nikakuta kufuli, daktari amekwenda kula sikukuu kwao. Gari lilikuwa moja, la wanunuzi wapya wa kahawa, dereva akasema hana amri ya kubeba mgonjwa. Saida akatoka dukani, akavua kanga yake tukamfunika mtoto, akasimama mbele ya lile gari mpaka dereva akakubali. Njiani kuelekea Mbinga Saida alikuwa akilia na kusema, “Mimi siwezi kula nguruwe kwa kuombewa. Kwa nini hawakuuliza?” Hatukufika.

Placidi alisema kwenye mazishi kwamba imani ya nyumba yetu ilikuwa haba. Mwenyekiti alisema serikali inaleta dawa, tuwe na subira. Majirani nao waliambiana chini chini kwamba mwiko umelipiza, hatukupaswa kuuchezea. Hata maiti haikuwatosha kuamini kuwa ni ugonjwa. Mama Notburga hakupika tena kashata, na akawa akiniona njiani anakata kona.

Sasa imepita miaka mitatu. Jana, mkesha wa Noeli, mama mmoja kijana aitwaye Eunice, aliyeolewa hapa kutoka Chiwanda, alinijia shambani.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba.”

“Mtoto wangu akila yai anavimba midomo. Mwaka huu kina mama wameanza kuoka keki. Nimewaambia ni mwiko wa kwetu, wamekubali.” Akasita. “Lakini katekista amesema atamwombea.”

Niliweka jembe chini.

“Rudi ukawaambie ni ugonjwa.”

“Hawataniamini, baba. Mimi mgeni.”

“Basi twende wote. Mimi nitasema na wewe utasimama pembeni.”

“Watasema unawasuta.”

“Waseme.”

Tukapita kwanza nyumbani kwangu, nikachukua gauni la Komunyo la Tadea, ambalo halikuvaliwa, nikalikunja chini ya kwapa. Eunice aliniuliza tunaanza na nyumba gani.

Tukaanza na ya Mama Notburga.