Mlio Kwenye Kifusi

Mbuke alikuwa fundi redio sokoni Rwamgasa. Shimo la dhahabu la Sostenes lilipoporomoka, mume wa Mbuke, Mageni, aliyechimba humo, hakurudi nyumbani. Sostenes akashikilia kwamba siku hiyo Mageni hakufika kazini.

"Amekukimbia," alimwambia mbele ya watu. "Kamtafute Kishapu kwa mwanamke mwingine."

Mbuke alirudi kwenye meza yake ya ufundi. Alizungusha waya wa shaba kwenye mfuniko wa ndoo, akauunga na saketi ndogo na betri, kisha akafunga vyote pamoja na redio kwenye mpini wa jembe. Mfuniko ulipokaribia chuma, mlio wa redio ulibadilika.

Kesho yake asubuhi Sostenes alimzuia kwenye kifusi. "Toka hapa, mchawi! Umekuja kuniibia dhahabu."

"Nisogelee nikuvunje kwa mpini huu."

Wachimbaji walicheka. Mmoja wao, Mwigulu, alimrushia jiwe. Mbuke aliendelea kupitisha mfuniko juu ya udongo mpaka redio ikapiga ukelele. Alifukua kwa mikono, akatoa nyundo yenye jina la Mageni kwenye mpini.

"Angeweza kuidondosha siku yoyote kabla shimo halijaporomoka," Sostenes alisema.

Mwigulu aliinamisha kichwa. "Nilimwona akishuka siku ile. Ulinitisha nisiseme."

 Wachimbaji walichukua sepetu wakachimba hapo hapo, na kufikia alasiri wakaupata mwili wa Mageni. Mbuke aliufunika kwa kitenge chake, akamgeukia Sostenes.

"Msibani kwangu usikanyage."